Kabureta au injekta? Kuchagua pikipiki ya spoti iliyolala miaka mingi Mombasa

Pikipiki za spoti zilizolala hazikosekani Mombasa. Mwenyewe alihamia ng'ambo akaiacha kwa nduguye, au alipata watoto akaiweka kando, au aliaga dunia na warithi hawajui waifanye nini. Utaikuta imefunikwa turubai nyuma ya nyumba Tudor, au chini ya ngazi Ganjoni, matairi yamelala, ufunguo uko kwenye droo. Bei yake huvutia. Na mtu anayetaka kuifufua mwenyewe nyumbani, akishazungukia mbili tatu, hubaki na swali moja: achukue ya kabureta, ambayo petroli huvutwa na hewa inayoingia kwenye injini, au ya injekta, ambayo petroli hupulizwa kwa pampu na kupimwa na kompyuta?

Msimamo wangu nautoa mapema. Ya kabureta iliyolala ni mgonjwa kwa hakika, ila ugonjwa wake unaonekana kwa macho na unatibika kwa mikono. Ya injekta huenda ni nzima kabisa, au ina ugonjwa uliojificha mahali ambapo spana haifiki. Kwa hiyo lipo jambo moja la kupima kabla hujatoa pesa: ukiiwekea betri nzima, injekta hiyo inaamka? Ikiamka, ichukue. Isipoamka, na bei zikiwa karibu sawa, chukua ya kabureta.

Kujua ipi ni ipi si kazi. Mwaka wa kuundwa, ambao umeandikwa kwenye logibuku, hutosha kwa nyingi. Suzuki GSX-R750 ilipata injekta mwaka 1998, na ndugu yake GSX-R600 mwaka 2001. Honda CBR600F4 ya 1999 na 2000 ni ya kabureta. Iliyoifuata mwaka 2001, F4i, ni ya injekta. Yamaha R1 ilibadilika 2002. Yamaha R6 na Kawasaki ZX-6R zilibaki na kabureta hadi 2002, injekta ikaja 2003.

Hapa nitazitumia zile Honda mbili kama mizani, kwa sababu zimetofautiana kidogo sana. Zote zina injini ya cc 599 yenye silinda nne, fremu ya alumini, ringi za inchi 17, mnyororo wa namba 525. Kinachozitenganisha hasa ni njia ambayo petroli inapita kutoka kwenye tangi mpaka kwenye silinda. Ukizilinganisha hizo unailinganisha teknolojia yenyewe, wala si jina lililoandikwa kwenye plastiki.

Petroli iliyochacha na hewa ya bahari

Pikipiki iliyolala hapa Pwani huliwa na vitu viwili, na kila mfumo una adui wake mkubwa.

Adui wa kabureta ni petroli. Chini ya kila kabureta kuna kikombe kidogo kinachohifadhi petroli, na kikombe hicho kina tundu la kupumulia, yaani kiko wazi kwa hewa. Pikipiki ikisimama, sehemu nyepesi za petroli huyeyuka zikaenda zake. Zinazobaki huungana na oksijeni zikawa utando wa kahawia unaonata, na baadaye unakuwa mgumu kama vanishi. Utando huo huziba jeti, yaani vipande vyenye tundu dogo linalopima petroli. Jeti kuu ina tundu kubwa kiasi na inaweza kusalimika, lakini jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa inanguruma taratibu, tundu lake halifiki nusu milimita. Huziba kwanza. Ndiyo maana pikipiki ya namna hii huwaka ukiwa umevuta choki (kifaa cha kuongeza petroli injini ikiwa baridi), halafu hufa pale tu unaporudisha choki. Na ziko nne. Kwa joto letu, ambapo ndani ya stoo ya mabati mchana hewa huwa kama tanuri, kazi hiyo ya uharibifu haichukui miaka. Miezi michache inatosha.

Injekta haina kikombe cha wazi. Kuanzia kwenye pampu hadi kwenye nozo, yaani kinyunyizio, petroli imefungwa ndani ya bomba, kwa hiyo huchacha polepole zaidi. Nimewahi kuona mfumo wa namna hii ukiamka bila kuguswa baada ya kusimama muda ambao ungeiziba kabisa kabureta. Adui wake yeye ni chumvi.

Fikiria kazi ya soketi moja kwenye pikipiki ya injekta. Vihisi vinavyoiambia kompyuta hali ya injini, kile cha nafasi ya mkono wa mafuta, cha mgandamizo wa hewa, cha joto la maji, hufanya kazi kwa umeme mdogo wa volti 5. Kompyuta husoma mabadiliko madogo ndani ya hizo volti 5 na kuyageuza kuwa kiasi cha petroli. Kutu ya kijani ikiingia kwenye pini moja, usomaji unapotoka, na injini inapewa petroli isiyolingana na hali yake. Hakuna kinachovuja, hakuna kilichovunjika, na ukitazama kwa macho kila kitu kipo mahali pake. Unyevu wa Mombasa hauhitaji mvua ili uingie. Usiku mmoja wa kusi na nyumba iliyo hatua chache kutoka ufukweni unatosha kuacha chumvi juu ya chuma. Pikipiki ya kabureta nayo ina nyaya, ila chache, na nyingi zake hubeba volti 12 nzima za taa, starta na cheche. Hizo huvumilia uchafu zaidi.

Kwa hiyo uliza imelala wapi kabla hujauliza imelala miaka mingapi. F4i iliyokaa ndani ya chumba Mikindani kwa miaka mitano naiamini kuliko iliyokaa barazani Nyali au Shelly Beach kwa miaka miwili. Kwa F4 ya kabureta tofauti hiyo ni ndogo, kwa sababu petroli ingechacha kote kuwili.

Kazi yenyewe, upande wa kabureta

Unainua tangi, unatoa boksi la hewa, unalegeza klipu, halafu unaling'oa jopo zima la kabureta nne kwa pamoja. Hapo ndipo wengi huvunja kitu cha kwanza, kwa sababu mipira inayoshika kabureta kwenye injini imekauka ikawa migumu kama mti. Ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, ivute ukiiyumbisha kushoto na kulia, usitumie nondo kuikoroga. Ikiwa imepasuka usiigundishe; mpira uliopasuka huvuta hewa ya ziada na injini itaungua kwa kukosa petroli.

Jopo likiwa mezani, usizitenganishe kabureta nne isipokuwa zinavuja katikati. Kila kitu muhimu hufikiwa kwa chini na kwa juu. Skrubu za Kijapani zina mchoro wa msalaba wa aina yake, unaoitwa JIS, na bisibisi ya msalaba ya kawaida huruka na kuzila vichwa. Nunua bisibisi ya JIS kabla ya kitu kingine chochote. Ni kifaa cha bei ndogo kinachookoa kazi kubwa. Kisha kwenye kila kabureta kuna skrubu ya kurekebisha mchanganyiko wa chini: izungushe kuingia ndani huku ukihesabu mizunguko mpaka ikae, iandike namba hiyo, ndipo uitoe. Bila namba hiyo utakuja kubahatisha.

Jeti zisafishwe kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa. Usichomeke waya wa chuma kwenye tundu. Jeti ni ya shaba njano iliyo laini, na ukilipanua tundu hata kidogo umeiharibu. Ukilazimika, tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme. Zile ngozi nyembamba za mpira zilizo juu zitolewe kabla ya kupuliza dawa, maana dawa huzivimbisha. Zishike mbele ya taa uangalie kama zina tundu. Oringi (mipira ya duara ya kuzuia uvujaji) na mipira yote ibadilishwe. Itazame jeti dhidi ya mwanga: tundu liwe la mviringo safi, sio nuru hafifu yenye ukungu.

Lipo jambo la hapa kwetu ambalo miongozo ya ng'ambo hailisemi. Viwanda hupanga jeti kwa usawa wa bahari, na Mombasa ndio usawa wa bahari wenyewe, hivyo jeti za asili zinafaa. Lakini pikipiki nyingi za spoti zililetwa kwanza Nairobi, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800, ambako hewa ni nyepesi, na huenda fundi alitia jeti ndogo ili ipumue vizuri. Ikishuka Pwani na jeti hizo itakosa petroli, itapata joto kupita kiasi na kupasukapasuka eksozini. Soma namba iliyogongwa kwenye jeti, uilinganishe na ya kitabu cha fundi cha modeli hiyo. Pikipiki ya injekta haina shida hii hata kidogo: kihisi cha mgandamizo wa hewa huiambia kompyuta kuwa umepanda Voi au umefika Athi River, na petroli inapunguzwa yenyewe.

Baada ya kuzirudisha, kabureta nne zivute hewa sawasawa. Ukiweza kuazima geji nne za mvuto, vizuri. Usipoweza, bomba refu la plastiki angavu lenye oili kidogo katikati hukuruhusu kuzilinganisha mbili mbili: upande wenye mvuto mkubwa hupandisha oili kwake. Ni kazi ya subira, jioni moja au mbili, na hapa ndipo kabureta inapompa mtu furaha. Injini iliyokuwa ikitetemeka hutulia mbele yako, kwa robo mzunguko wa skrubu uliyoigusa mwenyewe.

Upande wa injekta

Hapa kazi huanza kabla ya kununua. Nenda na betri iliyojaa, isome kwa mita ya umeme iwe baina ya volti 12.6 na 12.8 ikiwa imepumzika. Kama pikipiki inaruhusu, fungua kifuniko cha tangi ulitazame ndani kwa tochi kwanza, kwa sababu pampu haipaswi kuzungushwa kwenye matope ya kutu. Kisha washa ufunguo, swichi nyekundu ya kuzimia ikiwa upande wa kuwasha, usibonyeze starta, na usikilize. Pampu nzima huvuma sekunde mbili hivi kisha hunyamaza. Taa ya hitilafu huwaka ikazima. Ukisikia hivyo na kuona hivyo, sehemu kubwa ya hofu imeondoka.

Pampu isipovuma kabisa usikate tamaa papo hapo, na pia usimwambie muuzaji kuwa ni kitu kidogo. Mara nyingi Mombasa kosa ni ile swichi nyekundu yenyewe: vidoti vyake vya shaba vimeota kijani ndani. Angalia fyuzi, izungushe swichi mara kadhaa, kisha pima volti kwenye soketi ya pampu wakati ufunguo unawashwa. Umeme ukifika zile sekunde mbili na pampu haivumi, pampu imekufa. Umeme usipofika, tatizo liko kwenye nyaya, rilei, swichi au kihisi cha kuanguka (kinachozima injini pikipiki ikilala chini), na yoyote kati ya hivyo hutengenezeka.

Taa ya hitilafu ikibaki kuwaka ni msaada, si balaa. Kwenye F4i taa humweka kwa mpangilio unaohesabika, mrefu na mfupi, na idadi hiyo hukutaja kihisi kinacholalamika. Kabureta haina ulimi wa namna hii. Ila angalia: kompyuta husema kihisi fulani hakisikiki, haisemi kama kilichoharibika ni kihisi au ni soketi yake. Kabla ya kuagiza kihisi, fungua soketi, safisha pini kwa dawa ya vifaa vya umeme na brashi laini, paka grisi ya umeme, ifunge. Fanya hivyo kwa soketi zote unazozifikia, pamoja na pini za ardhi kwenye fremu. Ningekuwa na wikendi moja tu ya kuipa pikipiki ya injekta iliyolala Pwani, ningeitumia yote kwenye soketi.

Pampu ikiwa imekufa gharama hubadilika. Ya asili iliyo kamili ni ghali na huagizwa. Mota yake peke yake hupatikana kwa bei ya chini, na wapo mafundi wanaotia ya gari. Siikatai njia hiyo, mradi mgandamizo upimwe baada ya kufunga: mifumo hii hutaka takribani baa 3 hadi 3.5, na pampu isiyofika hapo itafanya injini iwake vizuri ukiwa umesimama halafu ikose nguvu pale unapolipita lori barabara ya Malindi. Hapo ni mahali pabaya pa kugundua. Nozo zilizoziba hazifunguliwi mezani kama jeti. Hutolewa zikaoshwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na karakana za nozo za magari mjini zinaifanya kazi hiyo. Zikirudi, oringi mpya, tone la oili safi, zikae.

Ufunguo nao utazame. Honda nyingi zilizouzwa Ulaya zina mfumo wa HISS, ambao kompyuta hutambua chipu iliyo ndani ya ufunguo. Ufunguo wa asili ukiwepo, mwingine huweza kutengenezwa na kusajiliwa. Ukipotea kabisa, utatakiwa kubadilisha kompyuta na seti ya kufuli. Pikipiki ya injekta isiyo na ufunguo wake wa asili nisingeinunua kwa bei yoyote ya kawaida.

Tangi huamua mengi

Kutu ya tangi huikuta pikipiki yoyote iliyoachwa na petroli nusu, kwa sababu nusu ya juu hujaa hewa yenye unyevu, unyevu hugeuka matone usiku, matone hushuka chini na kukaa. Lakini adhabu haifanani. Kabureta ina chujio kwenye bomba na kikombe ambamo vumbi la kutu hukaa chini; huvumilia kidogo, na ikizidiwa unafungua tena. Pampu ya injekta imekaa ndani ya tangi lenyewe. Kutu laini hupita kwenye chujio cha awali, husaga pampu, kisha huingia kwenye nozo. Kwa kabureta tangi chafu ni usumbufu. Kwa injekta ni sababu ya kuomba bei ishuke sana au kuondoka.

Kuisafisha, siki nyeupe iliyojaa tangi zima na kuachwa siku moja au mbili hufanya kazi kwenye kutu ya kawaida. Toa bomba la petroli na, kwa injekta, pampu na kihisi cha mafuta, uzibe matundu. Baada ya kumwaga siki, suuza kwa maji yaliyotiwa magadi ili asidi ife, kisha maji safi, kisha kausha haraka kwa kipulizio. Haraka namaanisha hapo hapo: kwa unyevu wetu chuma kilichosafishwa huanza kuwa chekundu tena ndani ya dakika chache. Tia petroli iliyochanganywa na oili kidogo, ulitikise tangi pande zote. Kuna dawa za kupaka ndani ya tangi ili kuziba vitundu. Kwenye kabureta naziona zinakubalika zikifuatwa maelekezo. Kwenye injekta naziogopa, kwa kuwa utando ukibanduka siku moja utaelekea moja kwa moja kwenye pampu.

Petroli ya zamani usiimwage mtaroni. Mitaro ya kisiwani huishia baharini.

Yasiyotofautiana

Mengine yote hayakusaidii kuchagua, lakini yatakula pesa na muda sawa kwa zote mbili, basi yahesabu mapema. Toa plagi, tia kijiko kidogo cha oili kwenye kila silinda, subiri usiku kucha, kisha izungushe injini kwa mkono kwa spana kwenye boliti ya kranki. Ikizunguka bila kukwama ndipo starta iruhusiwe, na plagi zikiwa bado nje, hadi taa ya oili izime. Oili na chujio vipya. Mafuta ya breki ya DOT 4 hunyonya unyevu hata yakiwa yamefungwa, kwa hiyo yatoke yote. Pistoni za breki zitolewe zisafishwe, mipira yake ibadilishwe. Sili za foku (shokapu) za mbele zikivuja, badilisha zote mbili. Kwenye Honda hizi sikiliza pia mlio wa kugongagonga upande wa mnyororo wa kamu; kikaza mnyororo chake ni udhaifu unaojulikana kwenye F4 na F4i pia.

Matairi yasikudanganye kwa meno yake mazuri. Soma namba nne za mwisho za maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi hilo limekwisha hata kama halijawahi kuguswa na lami. Saizi ni 120/70 mbele na 180/55 nyuma, ringi za 17, na maduka ya bodaboda hayatakusaidia hapo. Wala kwenye mnyororo: wa bodaboda ni 428. Bomba la petroli, klipu, fyuzi, mafuta ya breki, hivyo utavipata kwao. Spea nyingine nyingi zitakuja kutoka Nairobi kwa basi la usiku au kuagizwa nje, na katika hili F4i ina nafuu kidogo kwa sababu ilitengenezwa kwa miaka mingi zaidi.

Na maji. Visima vingi vya mji huu vina chumvi. Usioshee radieta maji ya kisima, usichanganye nayo dawa ya kupoza, usioshee hata fremu. Alumini na chumvi havipatani. Utaona unga mweupe chini ya rangi. Tumia maji ya betri (yale safi, si asidi) ndani ya radieta, na kwa kuoshea maji yasiyo na chumvi ya bomba au ya mtungi wa mkokoteni.

Karatasi

Kabla ya kabureta, kabla ya injekta, logibuku. Namba ya chesi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na namba ya injini zifanane na zilizo kwenye logibuku, na aliyeandikwa awe hai na anaweza kuukubali uhamisho wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kupitia akaunti yake ya eCitizen. Kama amefariki, usitoe pesa kwa maneno ya mjukuu. Warithi wapitie mahakama kwanza, ya Kadhi kwa familia ya Kiislamu au Mahakama nyingine inayohusika, wapate hati ya kusimamia mirathi. Nimewaona watu waliomaliza kuifufua pikipiki ikang'aa, kisha wakashindwa kuiingiza barabarani kwa sababu ya ukurasa mmoja.

Nani achukue ipi

Mwenye ua au chumba cha kufungia, mwenye subira, anayetaka kujifunza na asiyeitegemea pikipiki kwenda kazini: F4 au R6 ya kabureta, iliyo kamili, hata kama haiwaki. Usikubali iliyokosa kabureta moja au iliyofunguliwa ikawekwa kwenye karatasi ya plastiki. Kukosekana kwa vipande ni kubaya kuliko uchafu. Mwenye nia ya kulivuka daraja la Nyali kila asubuhi, au kupanda Nairobi mara kwa mara, au anayeishi ghorofani bila mahali pa kumwaga petroli na kufungua jopo la kabureta: injekta, kwa masharti ya pampu inayovuma, tangi safi na ufunguo wa asili. Sharti la pampu au la tangi likikosekana, bei ishuke kwa thamani ya pampu. Ukikosekana ufunguo, au yakikosekana mawili, iache.

Anayeanza kabisa, ambaye hajawahi kufungua hata injini ya bodaboda, namshauri aziache zote mbili kwa sasa atafute Honda CBR250R ya kuanzia 2011. Ni injekta, ila silinda ni moja, nozo ni moja, na kila soketi inafikiwa bila kung'oa nusu ya pikipiki.

Ukishaichagua, fikiria pia itakavyolala tena, maana kuna siku za masika ambazo hutaitoa. Ya kabureta, ikijulikana itasimama zaidi ya wiki mbili tatu, funga petroli injini ikiwa inawaka mpaka ijizime, kisha fungua skrubu za chini za vikombe vinne umwage kilichobaki. Kikombe kikavu hakizibi. Ya injekta ifanyie kinyume chake: jaza tangi hadi juu ili unyevu ukose nafasi, iwashe kila wiki mpaka feni ya radieta izunguke, na betri iunganishwe na chaja ndogo ya kutunzia, kwa kuwa kompyuta na saa huinyonya hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako.